F60.9: msimbo wa shaka la aina, si shaka la kuwepo

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni Mtanzania, naishi Columbus, Ohio. Nilikuwa mhudumu wa wazee, nikasomea kazi ya kuweka misimbo ya kitabibu, na sasa nimeajiriwa na kliniki ya afya ya akili inayoona wagonjwa wa nje. Juzi mkaguzi amenirudishia mafaili matatu niliyoyawekea F60.9, yaani tatizo la haiba lisilobainishwa. La kwanza daktari aliandika "hulka za kundi B, bodalaini bado inachunguzwa" (bodalaini ni ile aina ya tatizo la haiba ambayo hisia na mahusiano ya mtu hayatulii). La pili aliandika "tatizo la haiba, mchanganyiko". La tatu F60.9 ilikuwemo kwenye orodha ya matatizo ya mgonjwa tangu miaka ya nyuma, nikaibeba kama nilivyoikuta. Mimi nilijua kitu kisipoeleweka vizuri ndipo unapoweka "isiyobainishwa". Nimekosea wapi? Halafu kaka yangu yuko idara ya kumbukumbu za afya katika hospitali moja huko nyumbani, anasema wao haiba ya mchanganyiko wanaiwekea F61. Mimi kwenye kitabu changu F61 siioni kabisa. Au nimeuziwa kitabu kibovu?

JIBU: Marahaba dada yangu, na hongera kwa kazi. Kitabu chako ni kizima. Marekani haitumii ICD-10, yaani orodha ya misimbo ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, kama ilivyo. Inatumia toleo lake, ICD-10-CM, lililoanza rasmi tarehe 1 Oktoba 2015, na toleo hilo linaruka kutoka F60 hadi F63. Kaka yako ana F61 na F62 kwenye jedwali lake, wewe huna. Hajakosea, na wewe hujaibiwa. Nitarudi kwake baadaye.

Twende kwenye mafaili. Kila moja lina kasoro yake, na dawa zake hazifanani. Ila yote matatu yametoka kwenye mazoea mamoja: F60.9 umeifanya kapu la kila kinachokutia shaka. Msimbo huu unapokea shaka la namna moja tu. Daktari awe ameshaamua kwamba mgonjwa ana tatizo la haiba, kisha iwe aina yake ndiyo haijulikani, au daktari ameona asiitaje. Kama kinachotiliwa shaka ni iwapo tatizo lenyewe lipo, F60.9 haihusiki. Ukilishika hilo, nusu ya maswali utakayokutana nayo mwaka huu umeyajibu.

Kwa nini nasema daktari awe ameamua? Kwa sababu "lisilobainishwa" halina maana ya jepesi. Kwa mujibu wa DSM-5, kitabu cha Marekani cha vigezo vya magonjwa ya akili kilichotoka mwaka 2013, na marekebisho yake ya 2022, mtu hawezi kuitwa mwenye tatizo la haiba la aina yoyote kabla mambo fulani hayajaonekana. Namna yake ya kuwaza, kuhisi, kuhusiana na watu au kujizuia iwe imepotoka waziwazi kutoka kwenye matarajio ya utamaduni wake, na ionekane katika angalau sehemu mbili kati ya hizo nne. Iwe ni ya kudumu, iliyoanza ujanani au mwanzoni mwa utu uzima. Ijitokeze kazini, nyumbani na kwa marafiki, siyo kwa mtu mmoja anayemuudhi. Imletee mateso au imharibie maisha. Na isiwe inaelezwa vizuri zaidi na ugonjwa mwingine wa akili, pombe, dawa za kulevya, au maradhi ya mwili kama jeraha la kichwa. Daktari anayeandika F60.9 ametia saini kwamba kwa jumla hayo yapo. Alichoacha wazi ni aina ipi kati ya zile kumi za DSM-5.

Faili lako la kwanza, basi. "Hulka za kundi B, bodalaini bado inachunguzwa." Maneno hayo (nimeyageuza kwa Kiswahili kama ulivyoyageuza wewe) yana vitu viwili na hakuna hata kimoja kinachokupa F60.9.

Hulka si ugonjwa. Kila mtu anazo, mimi ninazo, na shangazi yako anayesusa harusi kwa sababu hakuketishwa mbele anazo pia. Daktari anapoandika hulka bila kuandika tatizo, mara nyingi amechagua kwa makusudi kutofika huko. Na kundi B lenyewe halina msimbo. Ni jina la jumla la aina nne ambazo kila moja ina namba yake: isiyojali haki za wengine ni F60.2, bodalaini ni F60.3, ya kujionyesha ni F60.4, ya kujipenda kupindukia ni F60.81. Ukimpa mtu F60.9 kwa sababu ya "hulka za kundi B" umempandisha daraja ambalo daktari wake hakumpandisha.

Sehemu ya pili, "bado inachunguzwa", ina kanuni ya moja kwa moja. Mwongozo rasmi wa ICD-10-CM, sehemu ya IV, kifungu H, unasema kwa wagonjwa wa nje usiweke msimbo wa ugonjwa ulioandikwa kwa maneno kama "huenda", "inashukiwa", "ichunguzwe kuondoa", "inaendana na" au "utambuzi wa muda". Weka kile kinachojulikana hadi mwisho wa ziara ile: dalili, ishara, au sababu iliyomleta. Kwa hiyo bodalaini huiweki, na huruhusiwi kuishusha kidogo iwe F60.9 kana kwamba umekata katikati. Hapo ndipo wengi huteleza. Wanafikiri F60.9 ni bodalaini iliyopunguzwa makali, kumbe ni utambuzi kamili wenye uzito wake.

Utauliza, niweke nini sasa? Angalia mgonjwa ametibiwa nini siku hiyo. Kama alikuja kwa sonona inayojirudia ya kiwango cha kati na daktari kaiandika hivyo, msimbo wako wa kwanza ni F33.1, na huenda ukawa wa pekee. Kama daktari hakufikia ugonjwa wowote, fungu la R45 lipo kwa kazi hiyo: hasira na kuudhika upesi ni R45.4, hisia zinazobadilika ghafla ni R45.86, kukurupuka ni R45.87, mawazo ya kujiua ni R45.851. Tangu tarehe 1 Oktoba 2021 kuna pia R45.88 kwa mtu anayejiumiza bila nia ya kufa, na Z91.52 kwa aliyekuwa akifanya hivyo zamani. Misimbo hii miwili nakusihi uijue vizuri. Kabla yake, mtu aliyejikata mikono alikuwa mgumu kuelezeka kwenye dai la bima, na nina hakika wapo waliobandikwa jina la tatizo la haiba kwa kuwa tu hapakuwa na mahali pengine pa kuliweka lile kovu. Mwongozo unasema wazi kwamba dalili zinakubalika ugonjwa usipothibitishwa. Usizionee haya.

Kuna mtego mmoja hapo njiani. Kaka yako akifungua jedwali lake ataona Z73.1, kuzidi kwa hulka za haiba, na atakwambia "si hii hapa?" Kwenye toleo lako Z73.1 inaitwa mwenendo wa aina A, wale watu wa haraka, wenye kushindana, saa zote wanatazama saa. Usimwekee Z73.1 mtu mwenye hulka za kundi B kwa sababu namba inafanana ng'ambo ya bahari.

Kabla hujafunga faili hilo, mwandikie daktari swali la ufafanuzi. Ni haki yako na ni kazi yako, lakini liandikwe lisimwongoze. Nakutungia moja:

"Daktari, katika maelezo ya ziara hii umeandika hulka za kundi B. Umeeleza pia kwamba mgonjwa hupandwa na hasira za ghafla, amekuwa akijikata tangu akiwa na miaka 16, na uhusiano wake na watu huvunjika mara kwa mara. Tafadhali fafanua kwa uamuzi wako wa kitabibu hali uliyoitathmini: tatizo la haiba la aina maalumu (litaje), tatizo la haiba ambalo aina yake haijabainika, hulka pekee bila tatizo la haiba, hali nyingine (itaje), haiwezekani kuamua kwa sasa."

Tazama lilivyopangwa. Dalili zote zimetoka kwenye maelezo yake mwenyewe, hujaongeza yako. Majibu ni mengi na yote yana mashiko, pamoja na lile la kusema hajui. Hakuna neno malipo, hakuna neno bima. Sasa linganisha na ujumbe ambao nimeukuta zaidi ya mara moja kwenye mafaili ninayokagua: "Daktari, tukiandika F60.3 dai litapita?" Huo ni msumari wa jeneza. Mkaguzi akiuona hatahangaika na faili hilo tu, ataomba na mengine.

Na akijibu "hulka pekee", pokea. Usirudi mara ya pili kwa maneno mengine ukitafuta jibu ulilolitaka.

Jambo moja la pembeni, kwa sababu najua siku moja utahamia hospitali. Maneno yale yale, "huenda ni bodalaini", yakiandikwa kwenye muhtasari wa kumruhusu mgonjwa aliyelazwa, kanuni inageuka kabisa. Sehemu ya II, kifungu H, inaagiza ugonjwa wenye shaka wakati wa kuruhusiwa uwekewe msimbo kana kwamba upo, na inazitaja hospitali za magonjwa ya akili kwa jina miongoni mwa zinazohusika. Sababu yake ni kwamba vipimo, uangalizi na matibabu ya wodini yamefanyika kwa kuufuata ugonjwa ule. Kwa hiyo mwenzako wa wodini anaweza kuweka F60.3 kwa sentensi ambayo wewe wa kliniki ungeikataa, na nyote mko sahihi. Kanuni hii siipendi, hasa kwa magonjwa ya haiba. Mtu analazwa siku chache akiwa kwenye dhoruba ya maisha yake, anatoka na "huenda" iliyogeuka kuwa "ndiyo", na kliniki anakokwenda baadaye wanaisoma namba bila kuiona ile "huenda". Lakini kanuni ni kanuni. Ukipokea mgonjwa wa namna hiyo, namba ya hospitali siyo ushahidi wako. Ushahidi wako ni maelezo ya daktari wako.

Faili la pili ndilo jepesi. "Tatizo la haiba, mchanganyiko." Hapa daktari ameshasema tatizo lipo, na ameshasema ni la namna gani: lina sura za aina zaidi ya moja. Fungua faharasa ya ICD-10-CM, tafuta tatizo, kisha haiba, kisha mchanganyiko. Inakupeleka F60.89, matatizo mengine ya haiba yaliyobainishwa. DSM-5 nayo inakubaliana: inatenganisha "jingine lililobainishwa", ambapo daktari anaeleza sababu ya kutochagua aina moja, na inatoa mchanganyiko kama mfano, na "lisilobainishwa", ambapo haelezi, au taarifa hazijatosha kutaja aina. Zamani, wakati wa DSM-IV, vyote viwili vilikuwa ndani ya chungu kimoja chenye namba 301.9. Madaktari waliosoma enzi hizo bado huandika kwa lugha ile, nawe ukitafsiri kwa lugha ile unaangukia F60.9. Wewe uliishia kwenye kichwa cha "haiba" katika faharasa, ambako namba ya kwanza unayoiona ni F60.9, ukaandika ukaondoka. Shuka hadi kwenye mistari ya ndani.

Ukishashuka, nenda tena kwenye jedwali lenyewe uhakikishe, maana faharasa ina vituko vyake. Tatizo la haiba la skizotipo haliko F60 kabisa, liko F21 pamoja na jamaa za skizofrenia. Haiba ya saiklothimia iko F34.0, kwa magonjwa ya hisia. Na hiki ndicho kinachonikera: ukitafuta "haiba ya ukali" au "haiba ya kulipuka", faharasa inakupeleka F60.3, bodalaini. Sasa fikiria daktari aliyechoka jioni ameandika kwamba mgonjwa ana haiba ya ukali, akimaanisha tu kwamba alimgombeza mpokezi. Mweka misimbo anafuata faharasa kwa utiifu, na mgonjwa anatoka pale akiwa na bodalaini. Kila hatua imefuata kitabu, na matokeo ni uongo. Neno la kumwelezea mtu halijawa utambuzi mpaka daktari aliweke mahali pa utambuzi. Likiwa kwenye simulizi tu, liache. Likiwa kwenye sehemu ya tathmini lakini linakutatiza, uliza.

Faili la tatu ndilo ninalolichukia zaidi, na si kwa ajili yako. Wanaobeba namba za zamani ni wengi kuliko wanaozitunga. F60.9 ilikuwa kwenye orodha ya matatizo, hakuna aliyeigusa siku hiyo, ukaiingiza kwenye dai. Kifungu J cha sehemu ile ile ya IV kinataka uweke hali zote zilizoandikwa ambazo zipo wakati wa ziara na ambazo zinahitaji au zinaathiri huduma au matibabu ya mgonjwa. Namba iliyolala kwenye orodha haitoshi. Daktari awe ameisema siku ile: ameiangalia, ameitathmini, amebadilisha mpango kwa sababu yake, au hata ameandika kwamba amepunguza dozi ya vidonge anavyompa aende navyo kwa kuwa mgonjwa hukurupuka. Mstari mmoja unatosha, mradi uwe wa siku ile na usiwe umenakiliwa neno kwa neno kutoka ziara tano zilizopita.

Mkaguzi anaijali hii kwa sababu za pesa pia, tusifichane. Mipango ya Medicare Advantage, yaani ya kampuni binafsi zinazoendesha Medicare, bima ya serikali hasa ya wazee, hulipwa kulingana na uzito wa magonjwa ya wanachama wake, kwa hiyo namba yoyote iliyobebwa bila ushahidi inaweza kusomwa kama jaribio la kuongeza uzito. Wewe hukuwa na nia hiyo. Karatasi haionyeshi nia.

Lakini mimi najali zaidi upande wa mgonjwa. Tangu tarehe 5 Aprili 2021, kwa kanuni zilizotokana na sheria ya Marekani iitwayo 21st Century Cures Act, mgonjwa ana haki ya kuyasoma maelezo yake ya kitabibu kwenye mtandao bila kucheleweshwa wala kulipishwa. Yanayobaki nje ni machache, kama maandishi ya mtaalamu wa tiba ya mazungumzo yanayotunzwa mbali na faili kuu. Mgonjwa wako huyo wa faili la tatu anaweza kuwa amekaa kwenye basi, anafungua simu, anakuta ameandikiwa tatizo la haiba ambalo hakuna mtu aliyewahi kumweleza. Na jina hilo halimwachi. Akifika chumba cha dharura na maumivu ya kifua, wapo watakaolisoma kabla ya kumsikiliza.

Kwa watu wetu kuna zaidi. Nimesema kigezo cha kwanza kinataka mwenendo upotoke kutoka kwenye matarajio ya utamaduni wa mtu mwenyewe. Huko Ohio na majimbo mengine utaona wagonjwa wanaozungumza Kiswahili waliotoka Kongo kupitia kambi za wakimbizi za Tanzania, Uganda au Burundi. Mama anaongea kwa sauti ya juu, analia kwa kujipiga kifua, anaapa kwa jina la marehemu, anakataa kumwangalia daktari usoni kwa heshima. Mkalimani yuko kwenye simu, nusu ya maneno yanapotea. Daktari anaandika "anatia chumvi, haaminiki, hulka za kujionyesha". Wewe ndiye pekee katika mnyororo huo unayejua kwamba msibani kwetu hivyo ndivyo mtu anavyolia. Huwezi kubadilisha utambuzi, si kazi yako. Unachoweza ni kukataa kuigeuza hulka kuwa F60.9, na kama kliniki yenu ina kikao cha pamoja na madaktari, kuuliza kwa adabu iwapo historia ya vita imetazamwa. Mtu aliyebadilika baada ya kuteswa siyo lazima awe na tatizo la haiba. Huenda ni kiwewe cha muda mrefu, ambacho kwenye kitabu chako ni F43.12.

Jeraha la kichwa nalo lina njia yake. Kama haiba imebadilika baada ya ajali au kiharusi na daktari ameunganisha viwili hivyo kwa maandishi, ni F07.0, na kitabu kinaagiza ugonjwa wa mwili utangulie. Vijana je? DSM-5 inaruhusu utambuzi wa haiba kabla ya miaka 18 kwa shida, dalili ziwe zimekaa angalau mwaka mmoja, na ile ya kutojali haki za wengine hairuhusiwi kabisa kabla ya umri huo. Ukiona F60.2 kwa mtoto wa miaka 15, simama uulize.

Baada ya makatazo yote haya usije ukaiogopa F60.9. Mwongozo wenyewe unakiri kwamba misimbo isiyobainishwa ina matumizi yake halali, tena ya lazima wakati mwingine, na kwamba si sawa kuchagua aina maalumu isiyoungwa mkono na maelezo ili tu uonekane umebainisha. Hivi ndivyo maelezo yanayoibeba vizuri yanavyosomeka; huu nao ni mfano wa kutunga:

"Mwanamume, miaka 34, ziara ya tatu. Tangu miaka 17 amekuwa akihisi watu wanamdharau, hukatisha urafiki kwa kosa dogo, na ameacha kazi kadhaa kwa ugomvi na wasimamizi. Dada yake amethibitisha historia hii kwa simu. Hanywi pombe, hakuna kipindi cha wazimu wa furaha wala saikosisi, hajawahi kuumia kichwa. Tathmini: tatizo la haiba, aina haijabainishwa, dalili hazijatimiza vigezo vya aina yoyote na taarifa za utotoni hazijakamilika. Mpango: tiba ya mazungumzo kila wiki, tathmini ya aina baada ya miezi mitatu."

Hapo umepata muda, maeneo ya maisha yaliyoguswa, madhara, shahidi wa pembeni, yaliyoondolewa, na sababu ya kutotaja aina. Hata kile kipengele cha "baada ya miezi mitatu" kina kazi: kinaonyesha F60.9 ni kituo, mtu anategemewa kuondoka hapo kwenda mbele au kurudi nyuma. Mkaguzi akileta neno, unamwonyesha faili kimya kimya. Kama madaktari wenu wanasikia la mweka misimbo, wape mfano wa namna hii. Ukweli ni kwamba wengi hawajui sisi tunatafuta nini. Wanaandika kwa ajili ya daktari mwenzao, ambaye atajaza mapengo kichwani. Wewe kujaza huruhusiwi.

Sasa kaka. Mwambie F61 kwenye ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani imewekwa kwa matatizo ya haiba yenye sura za aina kadhaa bila moja kutawala, kwa hiyo anaitumia ipasavyo. Asimwekee F61 mtu ambaye daktari hakusema mchanganyiko. Huyo kwake pia ni F60.9. Ila ajiandae, maana ICD-11 iliyopitishwa na Mkutano wa Afya Duniani mwezi Mei 2019 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022 imelibomoa jengo lote hili. Aina zimeondolewa. Badala yake daktari anapima ukali: 6D10.0 ni tatizo la haiba la kiwango kidogo, 6D10.1 la kati, 6D10.2 kali. Hulka zinaongezwa kama nyongeza kutoka 6D11, na bodalaini imebaki humo kama muundo, 6D11.5. Mgonjwa wa kati mwenye muundo wa bodalaini anaandikwa 6D10.1/6D11.5.

Hapo kitu kisichobainishwa kimehama. Kipo 6D10.Z, lakini kinachokosekana humo ni kipimo cha ukali. Aina haiulizwi tena. Kaka yako asije akahamisha kila F60.9 ya zamani kuwa 6D10.Z kwa mkupuo. Daktari aliyeshindwa kutaja aina huenda anaweza kabisa kusema ukali, na akiulizwa atasema. Na zile hulka zisizofika kiwango cha ugonjwa, ambazo wewe zinakutoa jasho, ICD-11 imezipa nyumba: QE50.7, ugumu wa haiba, iliyo nje ya sura ya magonjwa ya akili. Nakiri naionea wivu. Marekani bado iko kwenye ICD-10-CM, kwa hiyo kwako haipo.

Tumalizie kwa utakachofanya Jumatatu. Faili la pili likishathibitishwa, badilisha F60.9 iwe F60.89. Faili la kwanza, tuma swali la ufafanuzi na usubiri. Lisipojibiwa ndani ya muda uliowekwa na kliniki, ondoa F60.9 na ubaki na kilichotibiwa siku ile. La tatu, ondoa F60.9 kwenye dai la ziara hiyo na umwombe daktari aipitie orodha ya matatizo, aamue kama bado inamhusu mgonjwa. Usiifute wewe. Kama madai yalikwishatumwa, yanarekebishwa kwa dai la kubadilisha lile la awali: kwa kampuni nyingi za bima binafsi ni namba 7 kwenye kisanduku cha 22 cha fomu ya madai ya CMS-1500, pamoja na namba ya dai la kwanza. Medicare ina njia yake, na kama marekebisho yameonyesha mlilipwa zaidi ya stahili kuna siku 60 za kurudisha tangu kugundua, kwa hiyo hilo lipeleke kwa ofisa wenu wa uzingatiaji wa sheria kwa maandishi, na ubaki na nakala.